Karatasi ya Alhamisi: jinsi ya kutoa habari za mtaa wako

Kila Alhamisi, kabla ya adhana ya Adhuhuri, huwa nimeshatundika karatasi sita mjini Lamu. Ya kwanza iko mlangoni mwa duka langu la kopi hapa Langoni. Ya pili Mkunguni, mbele ya Ngome, wanapokaa wazee. Ya tatu jeti, ya nne karibu na lango la hospitali. Ya tano iko kwa fundi cherehani mmoja wa Mkomani, na ya sita kwenye madrasa ambapo akina mama huja kuwachukua watoto. Ni ukurasa mmoja wa A4, mbele na nyuma: nani amefariki na hitima ni lini, maji yatakatwa mtaa gani, chanjo iko wapi, chifu ameitisha baraza la nini, punda wa nani amepotea. Watu wenyewe ndio walioiita karatasi ya Alhamisi.

Mdogo wangu aliyeolewa Malindi anataka kuanzisha kama hii kule kwao Barani, na amenipigia simu mara tatu kuniuliza. Nimeona niandike yote mara moja, ili na mwengine mwenye nia kama yake apate pa kuanzia.

Chukua mtaa unaoumaliza kwa miguu

Nilipoanza nilitaka kisiwa kizima: Shela, Matondoni, Kipungani, kote. Nilishindwa ndani ya miezi miwili. Habari ya Matondoni ilikuwa ikinifikia jambo limeshapita, na mtu wa Matondoni akiisoma anaona haimfai. Nikapunguza mpaka kiasi ninachoweza kukizunguka baina ya Alasiri na Magharibi, yaani kuanzia Langoni mpaka mwisho wa Mkomani kwa Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji, na kurudi kwa pwani. Hapo ndipo karatasi ilipoanza kuaminika.

Kwa hiyo wewe uliye Malindi usiseme "habari za Malindi". Sema Barani, au Shella, au Maweni. Tuktuk itakufanya uhisi unafika kila mahali, lakini habari utakayoipata ukiwa kwenye tuktuk ni ya barabarani, nayo kila mtu ameshaiona. Ya nyumbani inataka hodi.

Tafuta masikio ya pande zote mbili

Habari za mji wetu zina milango miwili. Mmoja ni wa barazani na msikitini, kwa wanaume. Mwengine ni wa ndani, uani na jikoni, kwa wanawake. Mwanamume akitoa karatasi peke yake atajua mkutano wa wavuvi na hatajua kwamba zahanati imeishiwa sindano za uzazi wa mpango. Mimi nikitoa peke yangu mambo yatakuwa kinyume chake. Basi nina kijana wangu, mtoto wa ami yangu, anayekaa barazani baada ya Isha na kunirudishia yaliyosemwa, nami napita kwa akina mama.

Wanaojua mambo mapema si wale wenye vyeo. Kwangu mimi ni mama anayeuza mahamri, kwa sababu kila nyumba yenye shughuli humwagiza zaidi siku moja kabla. Ni hamali wa jeti, anayeona viti na masufuria yakishuka kabla hujasikia kuna mkutano. Ni nahodha wa boti ya Mokowe, jeti ya upande wa bara, ni maalimu wa madrasa, ni fundi cherehani aliyeletewa sare ishirini za timu ya mtaa. Mzee wa mtaa naye umpitie kila Jumatatu, kwa adabu, hata kama hana jipya. Siku akiwa nalo hatampelekea mwengine.

Lakini hawa wote ni wa kukuamsha tu. Usiandike kwa kauli yao.

Mwenye jambo ndiye anayesema

Hii ndiyo kanuni ninayoishika kuliko zote, na niliipata kwa uchungu.

Mwaka wangu wa pili mzee mmoja wa mtaani kwetu alifariki alfajiri, siku ya Alhamisi. Jirani yao akanipigia akanipa kila kitu: jina, msikiti, maziko baada ya Alasiri. Alikuwa mkweli, hakukosea hata neno. Nikaongeza mistari miwili kwenye karatasi, nikaituma na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Binti ya marehemu alikuwa ndani ya basi kutoka Mombasa, anarudi kumuuguza baba yake. Aliisoma habari ile kwenye simu, peke yake, basi halijafika hata Garsen. Ndugu zake walikuwa wamekubaliana asiambiwe mpaka ashuke Mokowe, kaka yake awe pale kumpokea.

Nilikwenda kuomba radhi nikiwa na mama yangu mzazi, na nikasamehewa. Sijaisahau siku ile. Tangu hapo tanzia naipokea kwa mtu mmoja tu, yule aliyewekwa na wafiwa, na swali langu la kwanza ni moja: wa nyumbani wote wameshajua? Akisita, nangoja. Hata kipaza sauti cha msikiti kikiwa kimeshatangaza, nangoja. Sauti ya msikiti inafika Langoni, lakini simu inafika mpaka ndani ya basi.

Kwa mambo mengine ni vivyo hivyo. Mkutano, muulize aliyeuitisha. Maji, muulize anayefungua bomba. Punda aliyepotea, muulize mwenye punda, wala si aliyemwona akipita. Ukiambiwa "watu wanasema", rudi ukatafute mtu mmoja mwenye jina.

Wakati: hapa ndipo tangazo linapoharibika

Nikihesabu makosa yote niliyowahi kurekebisha, mengi ni ya siku na saa. Nitakaa hapa kidogo.

La kwanza ni "usiku wa Ijumaa". Kwa hesabu yetu ya asili siku huanza jua likitua, kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya Magharibi. Bibi yangu hawezi kukosea hapo. Lakini mwalimu aliyetoka bara, na hata watoto wetu waliosoma, wataelewa Ijumaa yenyewe baada ya jua kuzama. Ukiandika "hitima usiku wa Ijumaa" umeugawa mtaa mara mbili, nusu watakuja pilau imeshaliwa. Mimi huandika: "Alhamisi tarehe 12 usiku, kuamkia Ijumaa". Ni refu, lakini halina njia ya pili.

La pili ni saa. Andika saa ya Kiswahili na sehemu ya siku, kila mara: saa 2 asubuhi, saa 8 mchana. Kuna ofisi ilileta barua ya Kiingereza yenye mkutano wa "2.00 pm", mtu akaitafsiri "saa mbili". Akina mama walifika na watoto migongoni saa 2 asubuhi wakakaa kwenye jua mpaka saa 8. Ukipokea karatasi yenye saa za Kizungu, mpigie mwenyewe umuulize jua litakuwa wapi wakati huo. Nami huongeza swala, kwa sababu mji huu unatembea kwa swala: "baada ya Alasiri, kama saa 10 kasorobo". Asiye na saa atasikia adhana.

La tatu ni mwezi. Maulidi ya msikiti wa Riyadha huwa wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, na mgeni hana habari kwamba Mfungo Sita hauhesabiwi kuanzia Januari. Unahesabiwa kuanzia Mfungo Mosi, mwezi wa kufungua baada ya Ramadhani, na ndio Rabiul Awwal. Andika mwezi wetu na tarehe ya kalenda ya ukutani pamoja. Na kama mwezi haujaandama, sema hivyo: "Jumatano tarehe 3, au Alhamisi tarehe 4 mwezi ukichelewa". Usijifanye unajua usiku kabla hujafika. Wiki ile mji hujaa wageni kutoka pwani yote, na karatasi yangu huwa mara mbili kwa wiki: nyumba zenye nafasi ya kulaza wageni, njia zitakazofungwa wakati wa zefe (maandamano ya Maulidi), mtoto aliyeonekana analia na mahali alipowekwa.

La nne ni maji ya bahari. Mtu wa Nairobi akipanga hafla pwani anaangalia siku tu. Sisi hatuwezi. Maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupanda mpaka njia ya pwani. Meza ya mgeni rasmi umeiweka pakavu asubuhi, na maji yakijaa inaloa miguu. Tena wageni wa Siyu, Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, wanapita Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari, na Mkanda maji yakipwa haupitiki. Ukitaka waje kwenye mashindano ya madau au ziyara, na warudi kwao siku hiyo hiyo, muulize nahodha kwanza, kisha ndipo upange saa. Nimeshamrudisha mwandalizi mmoja kijana mara mbili kwa ajili ya hilo. Alikasirika, kisha akabadilisha siku, na mashua nne zikaja.

Kuandika tangazo lenyewe

Hili lilinifikia kama hivi:

"Kutakuwa na uchunguzi wa macho bure Jumanne saa mbili. Wote mnakaribishwa."

Nikampigia mwandalizi, nikamuuliza maswali saba. Likatoka hivi:

"UCHUNGUZI WA MACHO. Jumanne tarehe 14, saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Madrasa ya nyuma ya soko, chumba cha chini, hakuna ngazi. Kupimwa na dawa ya matone ni bure; miwani inauzwa. Nambari za foleni zinatolewa mpaka saa 4 asubuhi tu. Njoo na kitambulisho, na miwani ya zamani kama unayo. Ukitiwa dawa ya matone hutaona vizuri kwa saa kadhaa, basi njoo na mtu wa kukushika mkono. Wanawake wana chumba chao."

Ona neno "bure" lilivyokuwa limeficha bei ya miwani. Kila ukiliona neno hilo, liulize: bure nini, na nini si bure? Na "hakuna ngazi" niliiweka kwa sababu nyumba za mji wetu ni za ghorofa na ngazi zake ni kali. Mwenye magoti mabovu anataka kujua hilo kabla hajatoka. Mstari wa kumshika mkono aliutoa muuguzi mwenyewe nilipomuuliza, "Wakishapimwa wanarudi vipi?" Hilo swali la kurudi uwe nalo daima.

Anwani usiandike kwa majina ya barabara. Hakuna anayeyatumia. Andika kwa msikiti, kwa duka, kwa wikio (chumba kinachovuka juu ya njia), kwa mti. Lakini usiseme "msikitini" ukaishia hapo, kwa mji wenye misikiti zaidi ya 20.

Ya kuacha nje

Harusi siitangazi. Watu hushangaa, kwa kuwa ndiyo habari tamu kuliko zote. Lakini kwetu mwaliko wa harusi huja kwa miguu: akina mama hupita nyumba kwa nyumba, wanabisha hodi, wanakaa, wanataja siku moja moja. Kule kubishiwa hodi ndiyo heshima yenyewe. Karatasi ikialika, aliyerukwa na waalikaji atasema, "Mimi nimealikwa na ukuta." Natangaza ya nje tu, tena kwa ruhusa: nikaha ni msikiti gani, njia ipi itazibwa na jamvi. Picha za kupamba hazigusi simu yangu.

Ugonjwa wa mtu siuandiki, ila familia ikiomba damu au mchango, na hapo naandika walilosema wao. Ugomvi wa mpaka wa nyumba siuandiki. Mwizi asiyehukumiwa sitaji jina lake, naandika kilichoibwa na wapi. Mtoto simpigi picha wala sitaji jina bila mzazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wangu nikibanwa. Wanasiasa huja na bahasha. Mkutano wao nautangaza mistari mitatu sawa na wengine wote, na bahasha anarudi nayo aliyeileta.

Ofisi

Baraza la chifu, chanjo, kukatwa kwa umeme, mikutano ya kaunti: haya hayaji dukani, lazima uyaendee. Nenda siku moja ile ile kila wiki, mpaka karani akikuona ajue ni Jumanne. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30, kwa hiyo kuanzia Mei nauliza kila wiki mikutano ya wananchi itakuwa lini na wapi. Tangazo lake likitoka mara nyingi linabandikwa mahali ambapo mvuvi hapiti.

Ukizungushwa, andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili, na kuomba hakulipiwi, ila kopi. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Nilifanya hivyo kwa ratiba ya maji, ambayo mtaa wetu ulikuwa ukiikisia. Maji ya mji hutoka kwenye visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, na hayafiki kila mtaa kwa wakati mmoja. Ratiba ilikuja siku ya kumi na saba. Sasa ipo juu kabisa ya karatasi kila wiki, na hakuna safu inayosomwa zaidi.

Usisahau hospitali ya punda iliyo pwani, iliyopo tangu 1987. Siku zao za dawa za minyoo ni habari kubwa kwa nyumba inayokula kwa mgongo wa punda. Na punda akipotea, andika rangi, chapa, sikio lenye alama, na mara ya mwisho alionekana wapi, si "punda wa kijivu" tu. Karibu wote ni wa kijivu.

Kuchapa, kutundika, kusoma kwa sauti

Herufi ziwe kubwa, ukubwa wa 16 usipungue, kwa ajili ya wazee. Chapa kwa mashine ya leza, maana wino wa maji hufifia kwa jua la siku mbili na wakati wa kusi unachuruzika. Ifunike kwa plastiki. Gharama yangu ni kopi sita za shilingi kumi, na mimi nina mashine. Asiye na mashine aombe duka moja limdhamini, aliandike jina lake chini kwa herufi ndogo.

Usibandike gundi ukutani. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini hata usingekuwa, gundi ikibanduliwa hutoka na chokaa, na milango yetu ya nakshi haikuchongwa itiwe misumari. Nilimpa seremala vipande sita vya ubao, nikavifunga kamba. Vinatundikwa na kutunguliwa.

Na wapo wasiosoma, au macho yamechoka. Kwa hao narekodi sauti kwenye simu, dakika mbili tu, nawatumia wajukuu wao. Nimeandika kwa Kiswahili cha shuleni, lakini kwa sauti nasema Kiamu changu, "mui" na "ndia" na yote. Bibi mmoja aliniambia akisikia vile anajua ni mtu wa nyumbani anayemwambia, si redio. Kundi la WhatsApp nimelifunga: ni mimi na kijana wangu tu tunaotuma. Mwanzoni lilikuwa wazi, na kati ya salamu za asubuhi na video, tangazo la kukatwa umeme lilizama.

Ukikosea, na ukishatungua

Kosa lirekebishwe mahali pale pale lilipoonekana, juu, kwa herufi zile zile. "Wiki iliyopita tuliandika chanjo ni Jumatano. Ni Alhamisi. Kosa ni letu." Kama siku haijafika, usingoje wiki ijayo: nenda na kalamu kwenye mbao zote sita siku hiyo hiyo, kisha umpitie yule mama wa mahamri umwambie, yeye atafika nyumba ambazo wewe hutafika.

Karatasi ikishapita wiki yake usiitupe. Jambo lililopita likiendelea kuning'inia watu huacha kuangalia, basi itungue, lakini nakala moja iweke kwenye faili kwa mpangilio wa tarehe. Zangu zimejaza faili nne za kadibodi, juu ya kabati, mbali na mchwa.

Mwezi uliopita alikuja kijana dukani, anatengeneza hati za nyumba ya marehemu bibi yake, na nyumbani hakuna anayekumbuka tarehe aliyofariki. Walichokumbuka ni kwamba ilikuwa Mfungo Tano, na kwamba wiki ile jeti ilikuwa ikikarabatiwa. Tukashusha faili ya pili. Ilituchukua kama nusu saa, tukatafuta wiki za jeti kwanza, kisha tukamwona: jina kamili, siku, msikiti, na aliyeleta habari alikuwa baba yake yule kijana. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaniomba kopi mbili, moja ya ofisini na moja ya nyumbani.